Sisi wa jukwaani
Jana usiku nimeitazama tena fainali ya Kombe la Dunia la raga ya 2023, Afrika Kusini 12, New Zealand 11. Bado inaniuma. Sam Cane, nahodha wa New Zealand, alitolewa kwa muda kwa kadi ya njano, akiwa kwenye kiti cha adhabu ikageuzwa nyekundu, ya kwanza katika fainali ya wanaume. Akainamisha kichwa, hakumfokea refa. Hiyo ndiyo raga niliyoipenda tangu ujana, tukibanana kwenye mashindano ya Safari Sevens, Nairobi, mashabiki wa timu tofauti benchi moja, bila askari wa kututenganisha.

Kilichofuata mitandaoni kilinivunja moyo. Refa Wayne Barnes alitumiwa vitisho. Mwamuzi wa video, Tom Foley, matusi yalimzidi akajiondoa mechi za kimataifa. Kwa ajili ya mchezo jamani!

Wengine wanalaumu pesa, tangu wachezaji waruhusiwe kulipwa mwaka 1995. Siamini. Siya Kolisi, nahodha wa Afrika Kusini katika fainali ile, analipwa, na kipenga kikilia bado anakumbatia wapinzani. Tuliobadilika ni sisi wa jukwaani. Jumamosi kijana mmoja alikuwa akimzomea mpiga penalti. Nikamgusa bega, nikamwomba anyamaze. Akanyamaza.