Malestroit hadi Josselin kwa baiskeli

Jamani, nimeendesha baiskeli kutoka Malestroit hadi Josselin, huko Bretagne, magharibi mwa Ufaransa, na sikupishana na gari hata moja njiani! Ni changarawe laini iliyoshindiliwa, ukingoni mwa mfereji uendao kutoka Nantes hadi Brest. Zamani farasi walipita hapo wakivuta mashua za mizigo, kwa hiyo ni tambarare na magoti hayateseki.

Mfereji una zaidi ya kilomita 360. Napoleon aliuagiza kwa sababu manowari za Waingereza zilikuwa zikiizingira bandari ya Brest. Ulikamilika 1842, yeye alishafariki zamani. Kila baada ya mwendo kuna malango ya kupandishia na kushushia mashua, na pembeni kijumba cha mlinzi wake. Vingine vimejaa maua, nami nilisimama kuvitazama. Wavuvi wanakusalimia, “Bonjour!”, unaitikia ukipita.

Halafu ngome ya Josselin ikanitokea, minara mitatu imeinuka juu ya mto Oust. Niliitazama weee!

Mlioko Ulaya, chukueni tairi pana kidogo, maji na mkate wa kutosha. Safari ijayo nataka kipande cha kwenda Pontivy. Nani twende?