Jaji hatauliza kiwanja ni cha nani

Nachapa nyaraka hapa Ngamiani, Tanga: kompyuta mbili, printa inayokunywa wino kama ng'ombe. Wateja wa bomoabomoa nawajua mlangoni. Wananionyesha kwenye simu picha ya ukuta wenye X nyekundu, kisha wanaanza na babu aliyekiacha kiwanja.

Juzi bibi mmoja aliitikia marahaba, akasema, "Mwanangu, andika nimejenga hapa tangu Uhuru." Nikamuuliza notisi alipewa lini, nani kasaini. Akakasirika: "Mie nakwambia kiwanja, wewe waniuliza karatasi!"

Lakini ukienda Mahakama Kuu kwa njia ya mapitio, yaani kumwomba jaji akague kama uamuzi wa serikali ulifuata sheria, karatasi ndiyo kesi. Jaji hapimi mipaka. Anauliza: aliyeamua kubomoa, sheria ilimpa mamlaka hayo? Mwenye nyumba alisikilizwa, kama ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inavyotaka? Wakili mmoja, mteja wangu, hupenda kusimulia kesi ya London ya 1863: mjenzi Cooper hakutoa taarifa ya kujenga kama sheria ilivyotaka, bodi ya Wandsworth, mamlaka ya eneo lile, ikaibomoa nyumba yake. Kosa la taarifa lilikuwa lake, na bado alishinda, kwa kuwa hakuitwa ajieleze.

Ushindi wa namna hiyo una ncha mbili, tusidanganyane. Uamuzi ukitenguliwa, wenye tingatinga wanaweza kurudi na notisi iliyonyooka. Fidia nayo kwa kawaida inadaiwa kwenye kesi nyingine.

Kinachoniudhi ni kalenda. Kesi ya kawaida ya madai dhidi ya serikali inataka notisi ya siku 90, na tangu 2020 hata halmashauri zimo, Mwanasheria Mkuu akiunganishwa. Tingatinga linangoja siku 90? Ndipo mawakili wanapokimbilia zuio la Mareva, amri ya mahakama kwamba hali ibaki ilivyo mpaka siku hizo ziishe. Kwenye mapitio unaanza kwa kuomba kibali cha mahakama ndani ya miezi 6 tangu uamuzi, na ukikipata una siku 14 za kuleta maombi yenyewe. Mwambie wakili aombe pia ubomoaji usimame, maana kibali peke yake hakizuii tingatinga.

Bibi alirudi na notisi yake: muhuri upo, tarehe hakuna. Nikaiskani pande zote, nikampeleka kwa wakili.

Nawe ukiletewa, andika pembeni, kwenye daftari lako, siku iliyokufikia na nani kaileta. X ipige picha siku hiyo hiyo, kabla wajukuu hawajaipaka chokaa.