Kabla ya nini?

Mtoto wa dada amenitumia picha ya fomu ya chanjo kutoka skuli kwao. "Mama mdogo, hii ya nini? Hata wavulana wanapewa." Hapa Uingereza wavulana wameanza kupewa mwaka 2019, zama zetu tulichanjwa wasichana peke yetu. Nikamjibu kwamba inakinga saratani. Akauliza: "Kwani saratani inaambukiza?"

Basi nikajiona tena jikoni kwetu East Ham, mwaka 2008. Chanjo hiyo, ya virusi vya HPV, ndiyo kwanza inaingia maskulini, sindano tatu, kwa wasichana wa miaka 12 na 13. Mama anasukuma chapati. Fomu ninayo mimi, kwa kuwa barua zote za nyumba ile nilizisoma mimi: za umeme, za hospitali, za halmashauri.

"Inataka saini yako," nilimwambia. "Chanjo ya saratani ya shingo ya kizazi."

"Mtoto wa miaka kumi na miwili? Hebu soma vizuri. Maradhi yenyewe yanapatikanaje?"

Nilirudia ile sentensi kimoyomoyo. Chapati ilishaanza kuungua. Nikasema, macho yangu kwenye karatasi, kwamba ni virusi, na mtu huvipata akilala na mwanamume.

Mikono ya mama ikasimama juu ya unga. King'ora cha moshi kikalia. Akapanda kiti, akakipepea kwa kanga mpaka kikanyamaza, kisha akabaki kulekule juu akinitazama.

"Kwa hiyo huko skuli wanajua mnafanya nini?"

"Hapana, mama. Wanapewa wote. Inatakiwa mtu achanjwe kabla."

"Kabla ya nini?"

"Kabla ya kuolewa."

Akashuka.

Usiku alikwangua kadi ya simu akampigia dada yake, Michenzani. Kwetu Unguja mambo haya si ya mama na binti. Mwari ana somo wake, ndiye anayemfunda. Sisi tulihama, somo wangu akabaki. Mama akaachiwa kazi ambayo hata yeye hakufanyiwa na mama yake. Mpaka siku ile, yote aliyoniambia juu ya wanaume, sigara na shisha yalikuwa amri: rudi kabla ya magharibi, usituaibishe.

Sijui walizungumza nini. Asubuhi fomu ilikuwa mezani, imetiwa saini, na mama akanihadithia habari za mama yake mkubwa: alivyokuwa akitokwa na damu, udi ulivyofukizwa chumbani ili wageni wasisikie harufu, na majirani walivyoambiwa ana presha. Alizungumza mpaka basi likanipita. Marehemu hakuwahi chanjo yoyote. Tanzania ilianza kuwachanja wasichana mwaka 2018.

Hakunifundisha namna ya kumkatalia kijana. Hakunambia nifanye nini nikijikuta nimekaa na wenzangu, na kila mmoja anavuta. Niliyahitaji hayo mapema kuliko alivyodhani. Naamini alinipa alichoweza kukitamka, ila sina hakika mpaka leo kama alikuwa ananifunda au ananitisha.

Tangu nilipofika miaka 25, barua za uchunguzi wa shingo ya kizazi zikaanza kuja, mama hunipigia simu: "Umekwenda?" Nikimjibu nimekwenda, anamshukuru Mungu. Kama nina mtu au sina, haulizi, na mimi bado sijajua nianzie wapi kumwambia.