Shwari alipopiga hatua moja pembeni

Leo asubuhi farasi wangu amenikataa. Hakunirushia teke wala hakuning'ata. Nilikuwa nimeshasimama juu ya kigoda cha kupandia, mkono wa kushoto umeshika hatamu na singa kwa pamoja, mguu unatafuta kikuku cha tandiko, naye akapiga hatua moja pembeni. Moja tu. Kisha akasimama, sikio moja limeelekea kwangu, jingine limeelekea kule malishoni.

Miaka mitatu iliyopita ningemrudisha mahali pake bila kufikiri. Ningemgonga ubavuni kidogo, ningemwambia "simama", naye angesimama. Ndivyo nilivyofundishwa: farasi akikushinda mara moja, umekwisha. Leo nilishuka, nikalegeza mshipi, nikalivua tandiko. Hatua ile haijanitoka akilini kutwa nzima.

Jina la Shwari si mimi niliyempa, nilimnunua nalo. Aliyeniuzia alisema, "Huyu hana neno. Apandwe na mtoto, apandwe na mtu mzima, yeye shwari tu." Na kweli alikuwa hivyo. Karatasi ikipeperushwa na upepo mbele yake, hashtuki. Wenzake wakitolewa bandani akaachwa peke yake, halii. Nilijivunia utulivu ule mbele za watu. Kitu kimoja tu kilikuwa kinaharibu sifa yake: nikikaza mshipi wa tandiko, masikio yalilala nyuma na shingo iligeuka upande wangu, meno yakigonga hewa. Mwalimu wangu wa wakati huo aliniambia hicho ni kiburi. "Mkazie tu, atazoea." Nikamkazia, na akazoea, maana yake aliacha kugeuka.

Siku moja daktari wa mifugo alikuja kumkagua meno. Akaniona nikimfunga tandiko, akanyamaza kidogo, akauliza kama ninaweza kumnyima farasi chakula usiku kucha ili kesho yake ampitishie kamera. Mpira mwembamba uliingia puani, ukashuka kooni, ukafika tumboni. Nikaona kwenye kioo cha mashine ukuta wa tumbo la farasi wangu: mahali palipotakiwa kuwa peupe pamechubuka kama goti la mtoto aliyeanguka kwenye changarawe, chubuko moja baada ya jingine, mengine yanavuja damu. Nilikuwa nimesimama pale mkono wangu uko shingoni mwake.

Tumbo la farasi hutoa asidi mchana na usiku, awe amekula au hajala. Mate yanayoipoza asidi hiyo hutoka anapotafuna tu. Kwa hiyo aliumbwa atafune, na akiachwa huru hutumia sehemu kubwa ya siku na usiku akichunga, hata saa 16. Shwari alikuwa akiletewa nyasi kavu mara mbili kwa siku, na nafaka nyingi ambazo humalizika kwa dakika chache. Saa zilizobaki alisimama bandani mdomo mtupu. Nilidhani ninamtunza vizuri kwa kuwa banda lilikuwa safi na manyoya yanang'aa. Si kila farasi anayechukia mshipi ana vidonda, ila huyu alikuwa navyo, na nilikuwa nikimbana palepale chini ya kifua kila niliposikia hamu ya kutoka naye.

Alipona. Dawa ya kupunguza asidi, nyasi wakati wote, mwenzake wa kukaa naye malishoni. Kinachonikosesha usingizi hadi leo ni kwamba alikuwa ameniambia. Aliniambia kwa masikio, akaniambia kwa shingo, nami kwa mkono wangu mwenyewe nikamfundisha kunyamaza. Kisha nikaupenda ukimya wake na kuuita tabia njema.

Farasi ni mnyama wa kuliwa na wengine, na anayeliwa haonyeshi maumivu hovyo, maana anayechechemea ndiye huanza kukamatwa. Mtaalamu mmoja wa Uingereza, Sue Dyson, pamoja na wenzake, mwaka 2018 walitoa orodha ya dalili 24 za kutazama farasi anapopandwa: masikio kulala nyuma, mdomo kuachama, mkia kuchapa, jicho kukodoa, na kadhalika. Zikifika nane au zaidi, yaelekea farasi huyo anaumwa mahali. Nilipoisoma orodha ile niliona kwamba karibu kila kitu kilichomo tuna jina lake la lawama. Mvivu. Mkaidi. Jeuri.

Lugha yetu yenyewe imekaa upande wa mpandaji. Anayeshika hatamu ndiye mwenye madaraka, ndivyo tunavyosema hata kwenye siasa. Hatuna neno kwa aliye upande wa pili wa hatamu hiyo, mwenye lijamu, kile chuma cha hatamu, mdomoni. Nimewahi kuingiza kidole pale lijamu inapokaa, kwenye mwanya kati ya meno ya mbele na magego. Ni ulimi, na ufizi mtupu juu ya mfupa. Na ngozi yake je? Nzi akitua ubavuni, kipande cha ngozi kisichozidi kiganja hutetemeka peke yake hadi nzi aruke. Watafiti wa Australia mwaka 2020 walilinganisha ngozi ya farasi ya makalioni, pale mjeledi unapotua, na ngozi ya binadamu. Hawakuona tofauti kubwa katika unene wa tabaka la juu wala katika wingi wa ncha za mishipa ya fahamu humo. Tangu hapo sijamvumilia mtu anayeniambia mjeledi "haumuumizi, unamkumbusha tu".

Mwaka 2021, kwenye Olimpiki ya Tokyo, farasi aitwaye Saint Boy alikataa kuruka katika mashindano ya pentathloni ya kisasa, mchezo uliounganisha michezo mitano, upandaji farasi ukiwa mmojawapo. Wakati huo mchezo ule ulimpa mshindani farasi asiyemjua, kwa kura, na dakika 20 za kuzoeana. Dunia ilimwona mpandaji akilia juu yake huku akimchapa, na kocha akampiga farasi ngumi akiwa nje ya uzio. Kocha alifukuzwa mashindanoni, na baada ya Paris 2024 upandaji farasi uliondolewa katika mchezo huo. Nilipoitazama mara ya kwanza huruma yangu yote ilikwenda kwa yule dada aliyekuwa akilia, medali imemponyoka. Nilihitaji kuirudia picha ile ndipo nikamtazama Saint Boy.

Wapo wanaosema tuache kabisa kupanda. Nawaheshimu, na siku nyingine naona wako sawa kuliko mimi. Jibu la kawaida la sisi wenye farasi ni kwamba mnyama huyu amekuwa mikononi mwetu zaidi ya miaka 4,000, anaishi miaka 25 hata 30, anakula kila saa, na asipopandwa hakuna atakayemlisha: atauzwa mkono hadi mkono hadi afike machinjioni. Hayo ni kweli na hutokea. Lakini nikilisikiliza jibu hilo kwa makini nasikia sauti ya mtu anayedai kodi. Nakulisha, kwa hiyo nibebe. Punda afe, mzigo ufike. Sitaki kumpanda Shwari kwa hoja hiyo. Nikishindwa kumpanda kesho, deni la kumlisha hadi kifo chake ni langu, nililichukua siku niliyomnunua.

Wengine huniambia farasi anapenda kazi, akiliona tandiko anakuja mwenyewe. Huenda. Ila najua tunavyowafundisha. Unabana kwa mguu, akienda unaachia. Unavuta hatamu, akisimama unalegeza. Zawadi yake kubwa ni kwamba ulichokuwa ukimfanyia kimekoma. Mtu akikubana mkono hadi uitikie, kuitikia kwako si mapenzi. Bado natumia njia hiyo, siwezi kudanganya, ingawa siku hizi kubana kwangu ni kwepesi kama nzi yule. Swali langu ni nini hutokea farasi asipoitikia. Kama mbano huongezeka hadi akubali, basi hapakuwa na swali pale mwanzo, palikuwa na amri tu.

Mwaka 2016 watafiti wa Norwei walichapisha jambo lililonigusa sana. Waliwafundisha farasi 23 kutumia vibao vitatu vyenye alama: nivishe blanketi, nivue, niache nilivyo. Dakika chache kwa siku, na ndani ya wiki mbili wote wakaelewa. Siku za mvua, upepo na baridi wengi waliomba blanketi, siku za jua wakaomba wavuliwe. Kwa hiyo wanaweza kuulizwa. Miaka yote hii walikuwa wanaweza.

Mimi sina vibao, nina kigoda. Nakiweka uwanjani, namwacha Shwari bila kamba, hatamu iko legelege shingoni. Akija akajipanga mwenyewe sambamba na kigoda, napanda. Asipojipanga, sipandi. Siku nyingi huja. Najua nilimzoesha kwa vipande vya karoti, na hilo linanisumbua: je, ameniridhia au ameridhia karoti? Sijapata jibu linalonitosha. Najipima pia mwenyewe. Mimi kilo 82, tandiko kilo 9, yeye 470, kwa hiyo niko chini kidogo ya asilimia 20 ya uzito wake, kiwango ambacho wengi hushauri kisivukwe. Hilo ni la kupima kwa mizani, rahisi.

Tangu apone, Shwari si shwari tena. Mwenzake akiondolewa hulia hadi aonekane. Akiona mfuko wa nailoni hukoroma na kuinua mkia. Akichoka kupigwa brashi huondoka. Jamaa waliomjua zamani wananiambia nimemharibu. Labda hawajui furaha ninayopata nikimwona amekasirika.

Leo nilipomvua tandiko alikwenda moja kwa moja kwa mwenzake bila kugeuka nyuma. Wakasimama kichwa huku mkia kule, wakakunana mabega kwa meno, macho nusu yamefumba. Jioni nilirudi nikamkagua. Niliinua mguu wake wa nyuma, nikachokoa kwato, nikaushika chini ya kifundo nione kama kuna joto. Nikampapasa mgongo mzima kwa vidole, taratibu, kuanzia begani hadi kiunoni, na chini pale mshipi unapopita. Akaendelea kutafuna. Sikukuta kitu.

Nimeandika kwenye daftari lake, chini ya tarehe ya leo: hakutaka.