Mama wa dagaa kaunganisha mwenyewe

Leo asubuhi niko Kamanga, Mwanza, nasubiri feri ya Sengerema, simu inaita. Mama mmoja anauza dagaa kwa jumla Mwaloni Kirumba, nilimtengenezea programu ya mauzo.

"Mwanangu, mashine imegoma, haioni mzigo wala madeni."

Kumbe jana wamebadilisha ruta, kile kifaa cha mtandao, kompyuta yenye databesi (inayotunza taarifa zote za duka) ikapewa IP mpya, yaani anwani yake kwenye mtandao.

Zamani ningegeuza safari hapohapo, maana anwani ya hiyo kompyuta, ndo seva yetu, ilikuwa ndani ya msimbo wa programu kabisa, ikibadilika ni mpaka nijenge programu upya niende na flashi dukani, wateja wamesimama na magunia yao.

Mwezi uliopita nikaitoa. Sasa programu ikiwaka inasoma faili la mipangilio, ikishindwa kuunganisha inafungua kidirisha: anwani, poti, jina la databesi, paswedi, na kitufe cha Jaribu. Ikikubali ndo inahifadhi, na paswedi inafichwa, haikai wazi kwenye faili.

Nikamwambia mama aandike ipconfig, amri ya kuonyesha IP, kwenye ile kompyuta ya databesi anisomee.

"Mia moja tisini na mbili, nukta. Mia moja sitini na nane, nukta. Sifuri, nukta..."

Taratibu kabisa, kama anahesabu hela ya mtu.

Akajaza. Akabonyeza Jaribu. Kimya, nasikia wapagazi tu huko nyuma.

"Imekuja! Wadaiwa wote wapo!"

Ile sauti jamani, nimevuka nayo ziwa zima.

Wadau wa programu za dukani, nyie seva mnaipa IP ya kudumu au mnaunganisha kwa jina la kompyuta? Niambieni.