Kupanda Old Moshi kwa Kufuata Maji

Historia ya mji wa Moshi husimuliwa mara nyingi kuanzia kwenye reli. Njia ya treni iliyotoka Tanga ilifika huku mwaka 1911, maduka yakajengwa karibu na stesheni, na jina la Moshi likateremka kutoka mlimani likawa la mji mpya, huku makao ya awali yakibaki kuitwa Old Moshi. Simulizi hiyo ni ya kweli, lakini haielezi kwa nini watu walikuwa wamejaa kule juu muda mrefu kabla ya treni, wala kwa nini Wajerumani wenyewe waliweka boma lao huko kwanza. Mwezi Septemba, kiangazi kikiwa kimekolea na mifereji ikitumika kwelikweli, nilipanda hadi Kidia, kijiji cha Old Moshi, na kushuka hadi Chekereni, kwenye tambarare chini ya mji, nikifuata mifongo, yaani mifereji ya asili ya Wachaga.

Daladala ilinishusha Kiboriloni, sokoni kwenye mitumba, na bodaboda ikanipandisha barabara ya Old Moshi. Huku chini vumbi lilikuwa jekundu na mahindi yalikwisha kuvunwa. Tulivyozidi kupanda, vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, vilianza kuishika barabara pande zote mbili, migomba juu, kahawa chini yake, magimbi penye unyevu, na mimea ya masale ikionyesha mpaka wa kila familia. Mzee mmoja wa kamati ya mfongo, niliyekuwa nimeelekezwa kwake, alikuwa akinisubiri njia panda.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Umekuja kuona maji au mti wa Mangi Meli?”

Nilimjibu kwamba nimekuja kuona vyote, hata mti wa huyo mangi, yaani chifu wa Kichaga, ila maji kwanza. Jibu hilo lilimpendeza, maana wageni wengi, alisema, hupiga picha kwenye mti na kugeuza.

Tulitembea kando ya mfereji usiozidi hatua moja kwa upana, kuelekea korongoni. Jambo linalomshangaza mgeni ni jinsi mfongo unavyoachana na mto: mto unaporomoka kwenda chini, lakini mfereji unashika ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo sana, hata baada ya mwendo mfupi unakuwa juu kabisa ya mto uliouzaa na kuweza kuvuka mgongo wa kilima. Walioupima mteremko huo hawakuwa na chombo cha upimaji. Mteremko ukizidi, maji hula udongo. Ukipungua, mchanga hujaa na maji husimama.

Banio lenyewe, yaani kizuizi cha mtoni kinachoingiza maji mferejini, lilikuwa rundo la mawe, matawi, mabua ya migomba na mapande ya udongo wenye nyasi, na maji yalikuwa yakipenya katikati yake waziwazi. Nilidhani linahitaji kutengenezwa. Mzee alinieleza kwamba linaachwa hivyo kwa sababu mbili: maji yanayopenya ni haki ya wenye mifongo ya chini, na mafuriko ya masika yakija hulibomoa banio bila kuharibu mfereji, kisha watu hulijenga upya kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja. Asiyefika msaragambo hutozwa faini, na asipolipa hukosa zamu. Wataalamu wamewahi kuyaona mabanio haya kuwa ya kizamani kwa sababu yanavuja. Baada ya kulitazama hili, sidhani kama kila zege ni maendeleo.

Chini kidogo kuna nduwa, bwawa la udongo linalokusanya maji ya usiku. Mkondo wa mfongo peke yake ni mwembamba na ungepotea ardhini kabla ya kufika mbali, lakini kizibo cha nduwa kinapofunguliwa alfajiri maji hutoka kwa nguvu na kufika kwenye mashamba ya mbali. Ukoo uliochimba mfongo ndio uliokuwa na neno la kwanza katika zamu, na wengine waliingia kwa makubaliano, kwa kazi na kwa mbege, pombe ya ndizi. Zamani wanawake walikatazwa kushiriki kazi ya banio, ingawa ndio waliochota maji hayo kila siku kwa ajili ya nyumba zao. Mzee alilitaja hilo haraka na kuhamia jambo lingine.

Mifongo hii ilikuwapo Mwingereza Harry Johnston alipofika kwa Mangi Rindi, aliyejulikana pia kama Mandara, mwaka 1884. Rindi alifariki mwaka 1891, na mwanawe Meli akarithi vita na Wajerumani: mwaka 1892 aliwashinda, mwaka uliofuata wakarudi na jeshi kubwa zaidi na kumshinda. Tarehe 2 Machi 1900 walimnyonga kwenye mti hapa Old Moshi pamoja na viongozi wengine. Tulisimama chini ya mti huo, na mzee alivua kofia. Ndugu zake Meli wanaendelea kudai fuvu lake, ambalo inaaminika lilipelekwa Ujerumani.

Kahawa iliyoujenga mji wa chini nayo ilihitaji mifongo, kwa kuwa kahawa ya arabika humenywa na kuoshwa kwa maji mengi. Wakulima waliounda chama chao mwaka 1925, na baadaye KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, mwaka 1933, walikuwa wanywaji na watumiaji wa mifereji hii. Sheria ya mwaka 1974 ilitamka kwamba maji yote ni mali ya Jamhuri, na tangu hapo kamati ambayo babu zake walichimba mfereji kwa majembe inatakiwa kuwa na kibali ili kuyatumia. Mzee hapingi kibali. Anachouliza ni nani atakayekuja kusafisha mchanga mwezi Januari.

Mchana niliteremka, nikaupita mji bila kusimama, hadi Chekereni. Hapa skimu ya Lower Moshi, iliyokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, inachukua maji ya mto Rau na chemchemi za Njoro kwa mabanio ya zege na malango ya chuma, na ilipangwa kumwagilia takriban hekta 1,100 za mpunga. Mpunga wa aina ya IR54 ulistawi vizuri mno kiasi kwamba wakulima wa juu ya mabanio nao walianza kulima majaruba yao, na maji yanayofika skimu yakapungua. Mkulima niliyemkuta ameegemea jembe kwenye tuta alisema mpunga sasa unalimwa kwa mzunguko wa vitalu, na kitalu chake msimu huu hakimo. Nilimweleza kuhusu banio linalovuja kwa makusudi kule Kidia.

“Hao wa juu wanajua kwamba chini kuna watu,” alisema. “Sisi, wale wa juu yetu tumewaandikia barua, na kikao ni Jumatano.”