Akriliki kwangu ni gundi kwanza, rangi baadaye

Mimi nimekulia kwenye rangi ya mafuta. Mtindo wa Tingatinga, ule ambao Edward Saidi Tingatinga aliuanzisha hapa Dar es Salaam mwaka 1968, unataka rangi ya kung'aa inayopakwa baiskeli na mageti, juu ya kibao cha hadibodi. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyopata kodi ya nyumba kwa miaka. Kilichonipeleka kwenye akriliki hakikuwa wito wa sanaa. Tulipopata mtoto, tulikuwa bado tunaishi chumba kimoja, na thina ya kuzimulia rangi ya mafuta haiwezi kulala chumba kimoja na kichanga. Akriliki unaichanganya na maji, brashi unaosha bombani, na harufu yake si ya kumfukuza mtu.

Mzee aliyenifundisha kazi aliishika ile tyubu, akaikamua kidogo kidoleni, akacheka. "Mwanangu, rangi ya maji kapake ukutani."

Kwa kweli hakuwa mbali. Akriliki na rangi ya maji ya ukutani ni ndugu: ndani mna unga wa rangi, maji, na chembe ndogo sana za plastiki zinazoelea. Maji yakishapaa, zile chembe zinashikana na kuwa ngozi moja ambayo huwezi tena kuiyeyusha kwa maji. Karaha yote ya akriliki inatoka hapo, na uzuri wake pia.

Nianze na karaha. Kwenye rangi ya mafuta nilikuwa naweza kushinda asubuhi nzima nikiififisha bluu ya juu kuwa nyeupe ya chini, taratibu, bila haraka. Jaribu hivyo kwa akriliki mwezi wa Januari, feni ikiwa inazunguka, uone. Rangi inakaukia kwenye brashi, anga linabaki na mistari kama limefagiwa na chelewa. Dawa niliyoipata ni ya bei rahisi. Chukua kontena la chakula lenye mfuniko, tandika flana iliyolowa, juu yake weka karatasi ya kuokea keki, rangi zako zikae hapo. Ukifunika usiku, asubuhi nyingi zinakuwa bado hai. Chupa ya kupulizia maji nayo iwe karibu, ila usizidishe: rangi ikizidiwa na maji, plastiki inakosa nguvu, na picha ikikauka inafutika kwa kidole kama chaki.

Kitu kingine ni kwamba rangi ikikauka inakoza. Ile plastiki ikiwa mbichi ni nyeupe kama maziwa, ikikauka inakuwa angavu, kwa hiyo kile unachokiona kwenye brashi si kile utakachokiona kesho. Ngozi za watu ndizo zinazoumbuka zaidi. Siku hizi nachanganya rangi ya ngozi ikiwa imepauka kidogo, napaka kipande kwenye kadibodi, nakisubiri kikauke ndipo naenda kwenye picha.

Mambo yalibadilika nilipoacha kuilazimisha akriliki iwe rangi ya mafuta. Chochote kinachoangukia kwenye rangi mbichi, kiwe uzi, unga wa mbao au mbawa ya kumbikumbi, hakitoki tena. Nikajiambia, basi hii ni gundi yenye rangi, na gundi ina kazi zake.

Wakati huo nilikuwa natengeneza picha za soko la samaki la Feri. Nilikuwa na kanga kuukuu za mama, zilizofuliwa mpaka zikalainika, na hizo ndizo bora, kwani kanga mpya ina wanga na huchuja rangi. Nikazikata, nikazibandika kwa gundi nyeupe ya mbao iliyoongezwa maji kidogo, nikazivalisha wanawake wangu wauza samaki, kisha nikapitisha akriliki nyepesi juu ili kivuli na mikunjo ya nguo vionekane. Ile gundi nyeupe ikipata unyevu wa masika hulainika, ndiyo maana siiachi wazi, lazima ifunikwe na akriliki. Jina la kanga huwa nalikata katikati. "Mgeni njoo" inatosha, na mtazamaji anamalizia mwenyewe. Nimewaona watu wanasogea karibu kabisa na picha kutafuta yale maneno mengine.

Mchanga wa pwani niliuosha kwa maji baridi mara nyingi hadi chumvi yote ikatoka, nikaukausha, nikaukoroga kwenye akriliki. Unatoa ufukwe ambao ukiupapasa unakwaruza. Magamba ya changu yalikuwa wazo zuri kichwani tu: yanajikunja yakikauka, na shombo haikuisha hata kwa sabuni na ndimu.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kuhamisha picha. Nenda steshenari, piga kopi ya picha unayoitaka, iwe mashine ya unga wa wino na si ya wino wa majimaji. Paka akriliki nzito penye eneo lako, laza karatasi kifudifudi, kandamiza, acha usiku kucha. Asubuhi lowesha mgongo wa karatasi na usugue kwa ncha za vidole. Karatasi inatoka vipande vipande, wino unabaki umenaswa kwenye rangi. Kwa kuwa picha inageuka kushoto kulia, maandishi lazima yageuzwe kwenye kompyuta kwanza, na kijana wa steshenari atakutazama kwa mashaka. Magazeti yenyewe sibandiki tena. Karatasi yake ina asidi, juani inageuka njano haraka.

Uzito wa vitu hivi hauvumiliwi na kitambaa. Nguo ya marekani iliyovutwa kwenye fremu ni nzuri kwa rangi tupu, lakini ukiiwekea mchanga na kanga inacheza na kupasua rangi. Kwa kazi za kubandika nimerudi kwenye hadibodi na plaiwudi, napiga msasa, nasiliba rangi ya maji nyeupe iliyochanganywa na unga wa chaki na gundi. Wanaosema kubandika si uchoraji ninawatajia Rosemary Karuga wa Kenya, aliyesoma Makerere miaka ya 1950 na baadaye akatengeneza picha zake kwa vipande vya karatasi za vifungashio vya unga na sabuni.

Rangi ya mafuta sikuitupa. Akriliki haishiki juu yake, itabanduka, lakini yenyewe inakaa vizuri juu ya akriliki iliyokauka. Kwa hiyo inakuja mwisho, nje uani, kwa nukta chache: jicho la samaki, maji kwenye sakafu, bati la ndoo. Ule mng'ao akriliki hainipi.

Picha zilizokwisha nazihifadhi zikiwa zimesimama. Ikibidi kuzipanga pamoja kwa ajili ya mteja wa mbali, kila uso unapata karatasi yake ya kuokea keki, kwa sababu akriliki mbili zikigusana ndani ya buti la gari lililopigwa jua zinagandana, na ukizitenganisha moja inaondoka na ngozi ya mwenzake.